Kaburi Tupu la Siracusa: Jinsi Makatakombe Yalivyoingia Katika Picha ya Caravaggio

Kati ya Oktoba na Desemba 1608, mchoraji wa Italia Michelangelo Merisi da Caravaggio alichora mjini Siracusa, Sicilia, mazishi ya Mtakatifu Lusia, mfiadini wa mji huo. Ni turubai ya rangi za mafuta, kimo chake sentimita 408 na upana sentimita 300, iliyotengenezwa kwa ajili ya madhabahu kuu ya kanisa la Santa Lucia al Sepolcro, nje ya kuta za mji wa kale. Chini ya kanisa hilo kuna makatakombe, yaani njia na vyumba vya chini ya ardhi vya kuzikia, yaliyoanza kutumika karne ya 3, na hatua chache kutoka mlangoni kuna kaburi ambalo wenyeji walilitambua kuwa la Lusia mwenyewe. Kaburi hilo lilikuwa tupu. Mwili ulikuwa umeondolewa Siracusa zaidi ya miaka 560 kabla ya mchoraji kufika.

Wanaoandika juu ya sanaa ya Baroko, mtindo wa Ulaya wa karne ya 17, na makaburi ya Wakristo wa kwanza hupenda kutafuta mfanano wa maumbo: tao hili na lile, mkao huu wa mikono na ule uliochorwa ukutani chini ya ardhi. Kwa kisa hiki njia hiyo inatoa kidogo sana. Mchango wa makatakombe kwa Caravaggio ulikuwa swali gumu la kazi: juu ya kaburi lisilo na mtu, uweke picha gani? Tukishika swali hilo, karibu kila jambo la ajabu katika picha hii linaeleweka, kuanzia ukuta mtupu unaokula zaidi ya nusu ya turubai hadi wachimba kaburi waliomzidi askofu kwa ukubwa.

Kilichotangulia Roma

Tarehe 31 Mei 1578, vibarua waliokuwa wakichimba pozolana, udongo wa volkano unaochanganywa na chokaa kupata saruji, waliangukia njia za chini ya ardhi katika shamba la mizabibu kando ya Via Salaria. Ndani yake kulikuwa na makaburi, maandishi na picha za ukutani. Makatakombe hayakuwa yamesahaulika kabisa. Yale ya San Sebastiano kwenye Via Appia yalikuwa yakitembelewa na mahujaji, na Filippo Neri, aliyekuja kuanzisha shirika la mapadre wa Oratorio na kutangazwa mtakatifu, alizoea kusali humo usiku tangu miaka ya 1540. Lakini ugunduzi wa 1578 uliwapa Wakatoliki kitu walichokihitaji mno wakati ule. Waprotestanti walikuwa wakidai kwamba heshima kwa watakatifu, masalia na picha ni mambo yaliyobuniwa baadaye. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, katika kikao chake cha mwisho Desemba 1563, ulikuwa umezitetea desturi hizo. Sasa ushahidi ulikuwa unatoka ardhini.

Waliofuata hatua hiyo kwa bidii walikuwa watu wa vitabu. Cesare Baronio, wa shirika la Filippo Neri, alianza kutoa historia yake kubwa ya Kanisa mwaka 1588. Antonio Bosio, aliyezaliwa Malta na baadaye akawa wakala wa Shirika la Malta, shirika la mashujaa wa kidini lililotawala kisiwa hicho, huko Roma, aliingia katika makatakombe ya Domitilla tarehe 10 Desemba 1593 akiwa bado kijana. Yeye na wenzake walipotea humo, taa zikakaribia kuzimika. Aliendelea kuchunguza hadi kifo chake 1629, na kitabu chake juu ya Roma ya chini ya ardhi kilitoka baada ya yeye kufa, kikiwa na tarehe ya 1632. Kwa hiyo mchoraji wa 1608 hakuweza kufungua vielelezo vya Bosio mezani. Kosa hili la miaka linajitokeza mara kwa mara katika makala za juu juu, na linatosha kuangusha hoja nzima.

Tukio ambalo Caravaggio angeweza kulishuhudia lilitokea Trastevere, mtaa wa Roma. Tarehe 20 Oktoba 1599, Kardinali Paolo Emilio Sfondrati alifungua kaburi chini ya madhabahu ya kanisa la Santa Cecilia, akakuta mwili ulioaminika kuwa wa Mtakatifu Sesilia, ambao Papa Paskali I alikuwa ameuhamisha kutoka makatakombe mwaka 821. Umati ulifurika. Papa Klementi VIII aliongoza mazishi mapya tarehe 22 Novemba. Mwaka 1600 mchongaji Stefano Maderno alikamilisha sanamu ya marumaru inayomwonyesha Sesilia amelala ubavu, uso umegeuziwa chini, shingoni kuna alama za upanga. Hana taji wala malaika, hata macho yake hayaonekani. Caravaggio aliishi Roma miaka hiyohiyo, na mwaka 1600 picha zake za kanisa la San Luigi dei Francesi ndizo zilizokuwa gumzo la mji.

Ukilinganisha na picha za mateso ya wafiadini zilizochorwa kuzunguka kuta za Santo Stefano Rotondo mnamo 1582, tofauti ni kubwa. Kule kila teso limewekewa herufi na maelezo chini yake, na mtazamaji hufundishwa jinsi watu walivyouawa. Kwa Maderno mtazamaji anakutana na maiti, basi. Huo ndio mwelekeo ambao Caravaggio aliusukuma mbele zaidi.

Mahali penyewe

Makatakombe ya Siracusa ni ya pili kwa ukubwa baada ya yale ya Roma, nayo hayafanani na yale ya Roma kama wengi wanavyodhani. Roma wachimbaji walikata tufo, mwamba laini wa volkano ambao hukauka na kuwa mgumu zaidi ukipata hewa. Njia ni nyembamba, nyingi zina upana wa mita moja au chini ya hapo, na kuta zimejaa matundu ya kulaza maiti mmoja mmoja, yakiwa yamekatwa ubavuni kama mwanandani na kuzibwa kwa vigae au bamba la marumaru lililoshikwa kwa chokaa. Siracusa mwamba ni wa chokaa, na wachimbaji hawakuanzia sifuri. Katika makatakombe ya San Giovanni njia kuu inafuata mfereji wa maji wa Wagiriki, na visima vyao vya kuhifadhia maji viligeuzwa kuwa vyumba vya duara vyenye kuta ndefu, mwanga ukiingia kutoka juu kupitia mdomo wa kisima. Makatakombe ya Santa Lucia nayo yalimeza karakana na matangi ya zamani, na ndani yake kuna hata sehemu ya ibada ya kipagani na kikanisa cha enzi ya Bizanti chenye picha ya Wafiadini Arobaini wa Sebaste.

Hili lina uzito kwa kisa chetu. Mtu akichukua picha ya njia nyembamba ya Roma akailinganisha na turubai ya Caravaggio, atasema hakuna uhusiano: katika turubai kuna nafasi kubwa, ukuta unapaa, tao moja limefifia nyuma. Akisimama katika ukumbi wa duara wa San Giovanni ataona mambo mengine: ukuta mrefu mno kwa mtu aliye chini, mwanga unaoanguka kwa mshazari, na sehemu ya juu inayopotelea gizani.

Lusia mwenyewe, kwa mapokeo, aliuawa tarehe 13 Desemba 304, wakati wa dhuluma ya Kaisari Diokletiano. Kwamba aliheshimiwa mapema hapohapo Siracusa tunajua kutoka bamba dogo la marumaru ambalo mwanaakiolojia Paolo Orsi alilipata katika makatakombe ya San Giovanni mwaka 1894. Limeandikwa kwa Kigiriki, ni la mwisho wa karne ya 4 au mwanzo wa karne ya 5, na linamkumbuka mwanamke aitwaye Euskia, aliyeishi kama miaka 25 na kufa katika sikukuu ya “bibi yangu Lusia”. Mumewe ndiye aliyeliweka. Caravaggio hakuliona, lilikuwa bado kaburini. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha kuwa mapokeo aliyoyakuta 1608 yalikuwa na mizizi ya kweli mahali pale, wala hayakuwa yamebuniwa kuwavuta mahujaji.

Mwili uliondoka mapema. Jemadari wa Bizanti Giorgio Maniace, aliyeitwaa Siracusa kutoka kwa Waarabu mnamo 1040, anasemekana kuupeleka Konstantinopoli. Mwaka 1204, baada ya wanavita wa msalaba kuuteka mji huo, ulichukuliwa Venezia, na huko ndiko uliko mpaka leo, katika kanisa la San Geremia. Mwaka 2004 uliletwa Siracusa kwa siku chache tu, kuadhimisha miaka 1700 tangu kifo chake. Mwaka 1608 Wasirakusa walikuwa na kaburi, walikuwa na nguzo ambayo kwa mapokeo ndipo alipouawa, walikuwa na makatakombe, lakini masalia yenyewe yalikuwa Venezia. Kwa enzi ambayo Roma ilikuwa ikishangilia kila mfupa uliotoka ardhini, hilo lilikuwa jeraha.

Mchoraji anafika

Caravaggio alikuwa mkimbizi mara mbili. Mei 1606 aliua mtu Roma, akakimbilia Napoli. Julai 1608 alipokelewa katika Shirika la Malta, na baada ya muda mfupi akafungwa kwa ugomvi. Mwanzoni mwa Oktoba alitoroka ngome na kuvuka bahari hadi Sicilia. Siracusa alikuwepo Mario Minniti, mchoraji mzaliwa wa hapo ambaye waliishi pamoja Roma ujanani. Mwandishi Francesco Susinno, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Messina mwaka 1724, anasema Minniti ndiye aliyewaomba wakuu wa mji wampe Caravaggio kazi.

Mtu wa pili ni Vincenzo Mirabella, msomi wa mambo ya kale wa Siracusa. Katika kitabu chake cha 1613 juu ya mji wa kale, Mirabella anasimulia kwamba alimpeleka Caravaggio kuona pango kubwa katika machimbo ya mawe ya Wagiriki, na mchoraji akasema mtawala Dionisio alilichonga kwa umbo la sikio ili asikie siri za wafungwa. Hadi leo pango hilo linaitwa Sikio la Dionisio.

Hapa ndipo panapohitaji uangalifu. Ushuhuda wa Mirabella unahusu machimbo. Hautaji ziara ya makatakombe. Anayesema kwamba Caravaggio “alitembea makatakombe ya Siracusa na kuyachora” anaongeza neno lisiloandikwa popote. Tulicho nacho ni hiki: alizungushwa katika magofu na mtu aliyeyajua kuliko wote, na akachora kwa ajili ya kanisa lililokaa juu ya makatakombe, kando ya kaburi lenyewe. Hiyo inatosha. Inatulazimu tu kuacha kutafuta ukuta mmoja mahususi na kusema “ni huu”. Watafiti wamependekeza machimbo, wamependekeza makatakombe, na kwa maoni yetu ukuta wa pichani umechukua kutoka kote: uzito wa mwamba uliokatwa kwa mkono, na tao linaloweza kuwa mlango wa njia ya chini ya ardhi.

Kusoma turubai

Anza chini. Mbele kabisa kuna wanaume wawili wakubwa, mmoja kushoto, mwingine kulia, wameinama na makoleo yao. Miili yao inafunika sehemu ya waombolezaji, na kati yao ndipo tunapomwona Lusia, amelala juu ya ardhi tupu, mkono mmoja umenyooka. Hana jeneza wala machela, wala sanda iliyofungwa. Nyuma yake kuna kundi la watu wamebanana: shemasi kijana mwenye stola nyekundu, mikono ameishikamanisha, bibi kizee aliyepiga magoti akiushika uso wake, wengine ambao tunaona vichwa tu. Upande wa kulia yupo askofu mwenye kofia yake na fimbo ya kichungaji, akiinua mkono kubariki, na karibu naye askari mwenye silaha. Juu ya vichwa vyao hakuna mtu. Zaidi ya nusu ya turubai ni ukuta.

Simulizi za kale za kifo cha Lusia zinaeleza mashitaka, mafahali walioshindwa kumsogeza, moto usiomchoma, na upanga shingoni. Mazishi zinayapita haraka. Wachoraji wa kabla walimwonyesha na sahani yenye macho mawili, au akivutwa na mafahali. Giovanni Pietro Bellori, mwandishi wa maisha ya wachoraji, alipoieleza picha hii mwaka 1672, alitaja mambo matatu tu: mtakatifu aliyekufa, askofu anayembariki, na watu wawili wanaochimba kwa koleo. Aliona kilicho cha pekee.

Kwa nini mazishi, wakati hadithi imejaa matukio ya kusisimua? Kwa sababu ya mahali. Madhabahu ya Kikatoliki ilihusishwa na kaburi la mfiadini tangu enzi za makatakombe, na Kitabu cha Ufunuo 6:9 kinasema juu ya roho za waliouawa zilizo chini ya madhabahu. Katika kanisa hili uhusiano huo ulikuwa umekatika, maana kaburi lilikuwa tupu. Picha ya mazishi inaurudisha. Padre wa wakati ule aliadhimisha misa akiwa ameielekea madhabahu na kuwapa waumini mgongo. Mbele ya macho yake kulikuwa na shimo linalochimbwa. Ukingo wa chini wa turubai unafanya kazi kama ukingo wa kaburi. Wachimbaji wanachimba upande wetu, kwenye nafasi kati ya picha na meza ya madhabahu. Mwili unakaribia kushushwa pale ambapo, kwa hali halisi, haupo.

Na wachimbaji wenyewe hawakuwekwa kujaza nafasi. Katika Kanisa la mwanzo wachimba makaburi walikuwa watu wenye cheo. Orodha ya watumishi wa kanisa la Cirta huko Numidia, mji ambao sasa ni Constantine nchini Algeria, iliyoandikwa mwaka 303 maofisa wa Kaisari walipokuja kupekua, inawataja pamoja na askofu, mapadre na mashemasi. Katika makatakombe wapo walioonyeshwa na sururu begani na taa mkononi. Hatuwezi kudai Caravaggio aliwajua hao kwa majina. Tunachoweza kusema ni kwamba kuzika wafu ni mojawapo ya matendo saba ya huruma ya kimwili, na kwamba miezi isiyozidi 24 kabla, katika picha kubwa ya Matendo Saba ya Huruma aliyomalizia Napoli mwanzoni mwa 1607, alikuwa tayari amechora tendo hilo kwa kuonyesha nyayo za maiti tu zikitokea kona ya ukuta. Siracusa alilichukua tendo lilelile akalifanya kuwa picha nzima. Ukubwa wa wachimbaji dhidi ya askofu una sababu ya kimtazamo, kwa kuwa wako karibu nasi. Lakini mchoraji ndiye aliyechagua nani awe karibu.

Shingo

Uchunguzi uliofanywa wakati wa ukarabati wa miaka ya 1970, katika taasisi ya serikali ya ukarabati huko Roma, ulionyesha kwa eksirei kwamba Caravaggio alianza kwa kukitenga kichwa cha Lusia na mwili. Baadaye aliunganisha, akabakiza jeraha shingoni.

Badiliko hili ni dogo kwa eneo na kubwa kwa maana. Kichwa kilichokatika kingekwenda kinyume cha mapokeo ya upanga kooni, na pia kingeifanya maiti kuwa ya kutisha kuliko ya kusaliwa. Jeraha la shingo linamweka Lusia sambamba na Sesilia wa Maderno: mwanamke mfiadini, amelazwa chini, alama ya upanga ndiyo ushahidi pekee. Ikiwa kuna mahali ambapo kaburi lililofunguliwa Roma mwaka 1599 linaonekana kuugusa mkono wa Caravaggio, ni hapa. Hatuiiti uthibitisho. Ila ni aina ya ushahidi inayozidi mfanano wa matao, kwa sababu tunaona uamuzi ukibadilishwa kazini.

Ilivyochorwa, na kwa nini imeharibika

Sikukuu ya Lusia ni 13 Desemba, na inaaminika kazi ililenga siku hiyo. Tangu kutoroka Malta mchoraji alikuwa na miezi miwili tu, ukihesabu na safari. Turubai ya mita tatu kwa nne kwanza inahitaji kushonwa, maana vitambaa vya kufumwa vya wakati ule vilikuwa na upana wa kama mita moja hivi. Kisha inapakwa gundi ya ngozi ili mafuta yasile nyuzi, ndipo linapofuata tabaka la msingi. Kwa Caravaggio wa miaka ya mwisho tabaka hilo ni la kahawia, udongo uliosagwa na kuchanganywa na mafuta.

Faida ya udongo wa kahawia ni mbili. Kwanza, aina ya kahawia iitwayo umbra ina manganizi, ambayo huharakisha kukauka kwa mafuta. Weusi mtupu wa mkaa au mifupa huchelewa sana. Pili, msingi mweusi-kahawia ukishakauka tayari ni kivuli. Mchoraji anaongeza mwanga kwa rangi nyeupe ya risasi pale unapohitajika, anaongeza giza kali mahali pachache, na sehemu za katikati anaziacha bila kuzigusa. Katika picha za Sicilia sehemu kubwa ya miili na kuta ni msingi ulioachwa wazi. Hivyo ukuta wa makatakombe katika turubai hii, kwa maana halisi ya ufundi, ni udongo.

Udhaifu wake uko hapohapo. Rangi ya mafuta huzidi kupenyeza mwanga kadiri miaka inavyopita, na msingi mweusi ukipanda juu, tabaka nyembamba za katikati huzama na umbo hupotea. Kusafisha kwa nguvu huondoa kwanza zile tabaka nyembamba, na mkarabati asiyejua hudhani anafuta uchafu. Kanisa nalo liko karibu na bahari, juu ya mwamba wa chokaa uliotobolewa: unyevu hupanda na chumvi, chumvi hugeuka fuwele nyuma ya rangi, rangi hubanduka. Turubai imepoteza rangi katika maeneo mengi, na warekebishaji wa zamani walijaza walivyoona inafaa. Kwa hiyo mtazamaji asijenge hoja juu ya alama moja hafifu ukutani. Tao la nyuma linaonekana. Lakini anayedai kusoma humo matundu ya makaburi au maandishi anaweza kuwa anasoma kazi ya mkarabati.

Kipimo: Petronila wa Guercino

Njia nzuri ya kupima hoja yetu ni kutazama picha nyingine ya Baroko iliyotoka katika hali karibu ileile, lakini mwili ukiwepo. Mwaka 1621 Papa Gregori XV alimwagiza mchoraji Guercino picha ya madhabahu ya Mtakatifu Petronila katika kanisa la Mtakatifu Petro, Vatikani. Ilikamilika 1623, kimo chake ni sentimita 720 na upana 423, na sasa iko makumbusho ya Capitolini, mahali pake pakiwa na nakala ya mozaiki. Petronila alizikwa awali katika makatakombe ya Domitilla, na masalia yake yalikuwa yamehamishiwa Vatikani tangu karne ya 8.

Guercino naye alichagua kaburi, na naye aliliweka ukingoni mwa chini. Mwili unashushwa kwa kitambaa, na kutoka shimoni inatokea mikono ya mtu tusiyemwona, akiupokea. Masalia yalikuwa hapo chini kweli, kwa hiyo mikono ile inaupokea mwili kuelekea ulipo. Juu, nusu nzima ya turubai ni mbingu: Kristo anampokea Petronila aliyevikwa mavazi ya thamani. Mbinu ya ukingo ni moja, nafasi ya juu ni tofauti kabisa. Guercino angeweza kufungua mbingu kwa sababu chini hapakuwa na pengo la kuziba. Caravaggio, juu ya kaburi tupu, aliweka ukuta. Miezi michache baadaye, Messina, alirudia ukuta huo katika Ufufuo wa Lazaro wa 1609, wenye kimo cha sentimita 380, na humo kaburi linafunguliwa ili mtu atoke.

Siracusa yenyewe haikuacha kaburi kama lilivyokuwa. Mnamo 1629 mbunifu Giovanni Vermexio alianza kujenga juu yake kikanisa cha pembe nane, na mwaka 1634 Gregorio Tedeschi alichonga sanamu ya marumaru ya Lusia aliyelala, kwa mfano ulio wazi wa Sesilia wa Maderno. Kazi ambayo turubai ilikuwa ikiifanya peke yake kwa zaidi ya miaka 20, kuonyesha mwili mahali pasipo na mwili, sasa iligawanywa na marumaru.

Baada ya ukarabati wa miaka ya 1970 turubai ilikaa muda mrefu katika jumba la makumbusho la Palazzo Bellomo, halafu katika kanisa la Santa Lucia alla Badia kwenye uwanja wa kanisa kuu. Mwaka 2020 ilipelekwa Rovereto, kaskazini mwa Italia, kwa maonyesho, safari iliyopingwa na wengi kwa sababu ya udhaifu wake, na Desemba mwaka huo ikarudishwa Santa Lucia al Sepolcro. Anayeitazama katika ukumbi mwingine apige magoti au aketi chini, macho yawe chini ya ukingo wa turubai, maana ilipangwa kuonwa kutoka chini, madhabahu ikiwa katikati. Ukiwa umesimama usawa wa askofu, koleo la mchimbaji wa kulia linaonekana kama kifaa tu. Ukiwa chini, unaona kwamba shimo analochimba liko upande wako.